Kuomba nafasi za utafiti wa afya na sayansi za kiangazi Marekani: mwongozo kwa wanafunzi wa makundi yenye uwakilishi mdogo

Nafasi za kukaa maabara Marekani kuanzia Juni hadi Agosti huombwa kati ya Novemba na Machi. Anayeanza kuulizia Aprili hukuta nyingi zimeshachukuliwa. Na wengi wanaokataliwa hawaangushwi na alama. Wameomba programu ambayo masharti yake hayawaruhusu, au barua ya profesa imechelewa siku mbili, au wametuma insha ile ile kila mahali bila kubadilisha chochote isipokuwa jina la chuo.

Kwa kawaida nafasi hizi huwa za wiki 8 hadi 10, saa 40 kwa wiki, chini ya mtafiti mmoja anayekulea. Unalipwa posho, na programu nyingi huongeza malazi na nauli. Hilo la kulipwa lishike sana. Zipo kampuni zinazouza "uzoefu wa utafiti" kwa maelfu ya dola, na tovuti zao zinavutia kuliko za vyuo. Ukiona wewe ndiye unayelipa, hiyo ni biashara, si nafasi inayozungumziwa hapa.

Anza na karatasi za uhamiaji

Kabla ya kusoma kuhusu maabara yoyote, soma aya inayoeleza nani anaruhusiwa kuomba. Programu za REU, yaani za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, zinazogharimiwa na Shirika la Taifa la Sayansi, NSF, humlipa raia au mkaazi wa kudumu tu. SIP, programu ya mafunzo ya kiangazi ya Taasisi za Taifa za Afya, NIH, nayo ni kwa raia na wakaazi wa kudumu. Mwenye grinikadi, hata aliyeipata mwaka jana kwa bahati nasibu ya DV, anahesabiwa sawa na raia katika programu hizi.

Mkimbizi yuko mahali tofauti kidogo. Sheria inamtaka aombe ukaazi wa kudumu baada ya kukaa nchini mwaka mmoja, lakini familia nyingi hukaa miaka mitatu au minne bila kujaza fomu I-485 ya kuomba ukaazi huo, kwa sababu kazi wanafanya na shule watoto wanakwenda. Siku mtoto anapofika chuoni na kutaka REU ndipo pengo linapoonekana. Mkimbizi halipi ada ya fomu hiyo, na ombi linaweza kuchukua miezi mingi, kwa hiyo lijazwe sasa, si mwezi wa maombi.

Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hawezi kulipwa na REU. Anabaki na njia tatu. Ya kwanza ni fedha za chuo chake mwenyewe: wakati wa likizo anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo zaidi ya zile saa 20 za muhula, mradi ataendelea na masomo muhula unaofuata. Ya pili ni programu zinazogharimiwa na fedha binafsi. Programu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza ya Cold Spring Harbor Laboratory, New York, iliyoanza 1959, imekuwa ikipokea pia wanafunzi wa kigeni. Ya tatu ni CPT au OPT, vibali vya mwenye F-1 kufanya kazi inayohusiana na masomo yake nje ya chuo, na hapa usitie saini chochote kabla ya kuzungumza na afisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo chako. CPT hudai uwe umesoma mwaka mzima wa masomo na kazi ifungamane na mtaala. OPT unayoitumia kabla ya kuhitimu inakatwa kwenye miezi yako 12.

"Uwakilishi mdogo" maana yake nini leo

Ufafanuzi wa NIH wa mwaka 2019, ambao programu nyingi ziliuiga, ulitaja Wamarekani Weusi, Wahispania, Wamarekani Wenyeji na watu wa visiwa vya Pasifiki. Uliongeza wenye ulemavu, na watu waliokulia katika hali ngumu, yaani waliotimiza angalau vigezo viwili vya namna hii: waliowahi kukosa makazi, waliolelewa na serikali, waliostahili chakula cha shule cha bure au cha bei nafuu, wanaostahili Pell, ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wa kipato kidogo, ambao mzazi wao hata mmoja hana shahada, au waliokulia vijijini. Mwafrika Mweusi aliyehamia Marekani huwekwa katika kundi la kwanza kwenye fomu za huko.

Lugha hiyo imebadilika kwa kasi. Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia vyuo kutumia rangi kama kigezo cha udahili, na tangu hapo programu nyingi zimefungua milango kwa wote huku zikiuliza vikwazo ambavyo mwombaji amekutana navyo. Mwaka 2025 mtikisiko ulikuwa mkubwa zaidi: NIH ilifuta SIP ya kiangazi hicho. Kwa hiyo usitegemee orodha iliyoandikwa miaka miwili iliyopita, hata kama iko kwenye tovuti ya chuo kikubwa. Fungua ukurasa wa programu yenyewe, tafuta mwaka, na kama hauonekani, mwandikie mratibu sentensi moja ya kuuliza.

Jambo moja huwachanganya waombaji wa familia za wahamiaji. Kuwa wa kwanza katika familia kwenda chuo kunapimwa kwa shahada ya mzazi, popote alipoipata. Mama mwenye shahada ya ualimu ya Afrika Mashariki, hata kama sasa anafanya usafi hospitalini, ana shahada. Usitie alama kwenye kisanduku hicho. Habari ya mama kuanza upya unaweza kuieleza kwenye insha, na huko ina uzito wake halali.

Programu za kuanza nazo

REU ndiyo pana kuliko zote. Kila kituo huchukua wanafunzi kumi hivi, na sehemu kubwa yao ni lazima watoke nje ya chuo mwenyeji. NSF huvihimiza vituo vitafute wanafunzi wa vyuo visivyo na maabara nyingi, na hiyo ndiyo nafasi ya mwanafunzi wa chuo cha jamii (community college), yule anayedhani hana lake. Tafuta vituo kwenye tovuti ya NSF. Vingi hupokea maombi kupitia mfumo wa pamoja uitwao ETAP, ambako wasifu wako unaujaza mara moja tu. Mwongozo wa NSF wa 2023 uliweka posho ya karibu dola 700 kwa wiki. Lakini NSF kwa kawaida haigharimii utafiti wa kutibu magonjwa. Insha inayosema kuanzia mwanzo hadi mwisho kwamba unataka kuwa daktari inamfanya msomaji wa REU ajiulize umefuata nini. Zungumzia seli, protini, data au vifaa. Udaktari utaje mara moja, au usiutaje.

SIP ya NIH, inapofunguliwa, ina mfumo wake. Kampasi kuu ni Bethesda, Maryland, na maombi huingia kwenye hifadhi moja ambamo watafiti wenyewe huchagua. Hakuna kamati inayokupangia. Anayejaza fomu na kusubiri hushindwa na aliyejaza fomu hiyo hiyo kisha akawaandikia watafiti 15 moja kwa moja. Tena SIP haitoi malazi.

Amgen Scholars hugharimiwa na taasisi ya hisani ya Amgen na huwa katika vyuo vikubwa. Upande wa Marekani imekuwa ikidai uraia au ukaazi wa kudumu na wastani wa alama, GPA, wa 3.2 au zaidi. Ya Leadership Alliance, iitwayo SR-EIP, ni ya muungano wa vyuo ulioanzishwa 1992. Fomu moja inakufikisha vyuo vitatu kwa pamoja, na kiangazi huishia kwenye kongamano ambako kila mmoja huwasilisha kazi yake. SULI ya Wizara ya Nishati hupeleka wanafunzi kwenye maabara za taifa. Wengi wa sayansi ya afya huiruka bure, ilhali maabara hizo zina kazi nyingi za baiolojia na kompyuta. SHPEP si ya utafiti hasa. Imekuwa ya wiki sita, kwa walio mwaka wa kwanza na wa pili chuoni, ikiandaa watu kwa taaluma kama udaktari, uuguzi, ufamasia na afya ya jamii.

Usisahau ndani ya chuo chako. McNair, programu ya Wizara ya Elimu iliyopewa jina la mwanaanga aliyefariki kwenye Challenger mwaka 1986, na LSAMP ya NSF, ya kuwainua wanafunzi wa makundi haya katika sayansi, ziko katika vyuo vingi, na ushindani ni wa wanafunzi wa hapo tu. Walio bado sekondari waangalie Project SEED ya Chama cha Kemia cha Marekani, ambayo tangu 1968 imekuwa ikiwaweka wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo maabarani.

Omba ngapi? Sita hadi kumi. Chini ya hapo unacheza kamari. Ukizidisha, insha zinaanza kufanana na wasomaji wanaliona hilo.

Kalenda

Septemba na Oktoba: chagua programu, nenda ofisini kwa maprofesa wawili, anza wasifu. Novemba: fomu nyingi hufunguka, omba barua. Desemba: maliza insha ya kwanza kabla ya mitihani, kwa sababu likizo huisha kabla hujaigusa. Januari na nusu ya kwanza ya Februari ndipo tarehe nyingi za mwisho zinapoangukia. Majibu huja Februari hadi Aprili.

Angalia pia tarehe za kuanza. Vyuo vinavyogawa mwaka kwa robo badala ya mihula miwili, kama kampasi nyingi za University of California, humaliza katikati ya Juni, ilhali programu nyingi huanza mwisho wa Mei. Muulize mratibu mapema kama unaweza kuchelewa wiki mbili. Wengine hukubali, ila ukimweleza baada ya kuchaguliwa, umemwekea tatizo mezani.

Barua za mapendekezo

Hapa ndipo maombi mengi mazuri hufia. Programu nyingi hutaka mbili, na fomu isiyo na barua ya pili haisomwi kabisa. Ziombe angalau wiki nne kabla ya tarehe ya mwisho, na uulize hivi: je, unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua yenye nguvu? Swali hilo linampa profesa mlango wa kukataa kwa heshima, nawe utafute mwingine. Barua inayosema tu kwamba ulipata A na hukukosa darasani ni mbaya kuliko ulivyofikiri, kwa kuwa mwombaji wa pembeni yako ameandikiwa kwamba aliuliza swali gani na akafanya nini baada ya kujibiwa.

Mwalimu wa darasa la watu 200 hawezi kukujua kwa miujiza. Nenda saa zake za ofisi mara nne au tano tangu Septemba, ukiwa na swali la kweli. Wapo waliolelewa wakiamini kwamba kumwendea mwalimu ofisini ni kumsumbua. Marekani saa zile zimewekwa kwa ajili yako, na asiyekwenda anadhaniwa hana hamu.

Ukikubaliwa, tuma kifurushi kimoja: wasifu, nakala ya matokeo, rasimu ya insha, orodha ya programu pamoja na tarehe, na mistari mitatu inayomkumbusha mlifanya nini pamoja. Kumbusha wiki mbili kabla, kisha siku tatu kabla. Fomu ikiuliza kama unaachia haki yako ya kuisoma barua, achia. Barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma haiaminiwi sana. Msimamizi wako wa kazi hospitalini anaweza kuandika ya tatu. Mchungaji, imamu au rafiki wa familia, hapana.

Insha

Soma kikomo cha maneno kwanza. Kwa insha ya maneno 600, gawanya hivi: 200 kwa tatizo moja la kisayansi ulilowahi kupambana nalo, 150 kwa kile unachotaka kujifunza, 150 kwa sababu ya kuchagua programu hiyo na watafiti wake wawili au watatu, na 100 kwa njia uliyopita na vikwazo vyake. Wengi hugeuza mgawanyo huu na kumaliza nusu ya ukurasa kwenye utoto.

Sentensi isiyofaa: "Tangu utotoni nimependa sayansi na kusaidia watu." Inayofaa: "PCR yetu ilitoa bendi hata kwenye kontroli hasi, nikabadilisha pipeti, kisha praima, kisha maji, kimoja baada ya kingine, mpaka nikagundua maji ndiyo yaliyochafuka." Huhitaji kuwa umewahi kukanyaga maabara ya utafiti ili uandike hivyo. Zoezi la darasani lililoharibika, ukilieleza hatua kwa hatua, linaonyesha namna unavyofikiri kuliko orodha ya tuzo.

Adabu zetu mbili huumiza hapa. Ya kwanza ni "tulifanya". Kwa Kiswahili kujitaja peke yako ni kujigamba, lakini msomaji wa Marekani anataka kujua mkono wako ulifanya nini: taja kazi ya kundi mara moja, kisha endelea na "nilipima", "nilihesabu", "niliandika". Ya pili ni kueleza shida kwa upana ili uhurumiwe. Taja kikwazo kwa sentensi mbili na ulichofanya kwa sentensi tatu. "Nilifanya kazi usiku saa 25 kwa wiki, hivyo nikapata C ya kemia muhula wa kwanza, nilipopunguza saa nikapata A- ya kemia ogania" inatosha, na inajibu swali la nakala ya matokeo kabla halijaulizwa.

Unapochagua watafiti, usiandike majina matatu ya mashuhuri. Wana waombaji wengi, nao husafiri sana. Changanya na profesa aliyeanza maabara yake miaka michache iliyopita: yeye bado anakaa mezani na wanafunzi. Soma muhtasari wa makala zake mbili kwenye PubMed, hifadhi ya makala za tiba, kisha mtafute kwenye NIH RePORTER, orodha ya bure ya ruzuku za NIH, uone kama ana ruzuku inayoendelea. Maabara ambayo ruzuku yake inaisha Mei inaweza kukufungia mlango Juni.

Kuwaandikia watafiti moja kwa moja

Barua pepe isizidi maneno 150. Kichwa cha habari kitaje kiangazi, mwaka na mada. Sentensi ya kwanza: wewe ni nani na uko mwaka wa ngapi. Ya pili na ya tatu: kitu mahususi ulichosoma katika kazi yake na swali lililokujia. Kisha tarehe ulizo huru, saa kwa wiki, na nani atakulipa. Ambatisha wasifu wa ukurasa mmoja. Ile salamu ya "natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya pamoja na familia" iache. Si kwamba ni mbaya, ila msomaji ana barua 80 na jicho lake linatafuta ombi. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya siku kumi, kisha nenda kwa mwingine. Kati ya barua 20, majibu matatu ni mavuno ya kawaida, kwa hiyo kimya kisikuvunje moyo.

Mahojiano na jibu

Mahojiano huwa dakika 15 hadi 30 kwa video. Utaulizwa ueleze kitu ulichojifunza kwa mtu asiye wa fani yako, jambo lililoharibika na ulichofanya, na kwa nini maabara hiyo. Uwe na maswali mawili yako: nani atanifundisha kila siku, na mradi wa kiangazi kilichopita uliishia wapi. Kama jibu la swali la kwanza ni "utajitegemea", fikiri mara mbili.

Ofa mara nyingi huja na siku chache za kujibu. Ukiwa unasubiri programu unayoipenda zaidi, mwandikie mratibu wake umwambie una ofa na tarehe yake. Mara nyingi ataharakisha au atakuambia ukweli. Ukikubali moja, ziondoe nyingine siku hiyo hiyo. Kukubali kisha kujitoa Mei kunamharibia jina profesa aliyekuandikia barua, na mwanafunzi wa chuo chako atakayeomba mwakani.

Kabla ya kusafiri

Maabara zilizo hospitalini hudai kumbukumbu za chanjo za surua, tetekuwanga na homa ya ini aina ya B, pamoja na kipimo cha kifua kikuu. Aliyechanjwa BCG utotoni, na hao ni wengi wa waliozaliwa Afrika Mashariki, anaweza kuvimba kwenye kipimo cha ngozi bila kuwa na kifua kikuu. Omba kipimo cha damu kiitwacho IGRA, ambacho BCG haikivurugi. Ukikubali cha ngozi na mkono ukavimba, utapelekwa eksirei na kuchelewa kuanza.

Bima: Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ni ya jimbo, na nje ya jimbo lako kwa kawaida hulipia dharura tu. Uliza kama programu ina bima ya muda.

Piga hesabu ya posho pamoja na kodi ya nyumba. Dola 6,000 zenye malazi ni nyingi kuliko 7,000 zisizo na malazi: chumba cha dola 1,000 kwa mwezi kwa miezi miwili na nusu kinakubakishia 4,500. Malipo ya kwanza huweza kuchukua wiki mbili hadi nne baada ya kuanza, hivyo uwe na fedha ya mwezi wa kwanza, au uombe mapema posho itangulie.

Posho hutozwa kodi ya mapato hata pale chuo kisipokata chochote wala kukutumia fomu ya mshahara. Mwanafunzi asiye na kipato kingine kikubwa mara nyingi hadaiwi kodi ya serikali kuu, lakini majimbo hutofautiana, na kiasi hicho kinapaswa kutajwa kwenye taarifa ya kodi. Mwenye F-1 ambaye bado hahesabiwi mkaazi kwa sheria ya kodi kwa kawaida hukatwa asilimia 14 ya posho ya namna hii na kupata fomu 1042-S. Aitunze, kwa sababu ndiyo atakayoitumia kudai marejesho.

Ukiwa maabarani

Usipange kujisomea MCAT, mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, jioni wala kuchukua somo la kiangazi. Saa 40 ni za kweli, na uchovu wa wiki ya sita huonekana kwenye data. Wiki ya kwanza andika na msimamizi wako swali moja la mradi linaloweza kujibiwa kwa wiki nane, si kumi, kwa sababu wiki mbili zitaliwa na mafunzo ya usalama, vibali na jaribio litakaloharibika. Andika daftari siku hiyo hiyo: tarehe, namba za kemikali zilizotumika, kilichobadilika. Mpe msimamizi dakika 20 za ripoti kila wiki hata kama huna matokeo.

Kwenye wiki ya tano uliza kuhusu mikutano ambako wanafunzi huwasilisha utafiti wao: ABRCMS, ambayo hufanyika Novemba, na mkutano wa chama cha SACNAS wa majira ya kupukutika. Tarehe za kutuma muhtasari zinaweza kuangukia ukiwa bado maabarani au umetoka tu, na zote mbili zimekuwa na ruzuku za nauli kwa wanafunzi. Kabla ya kutuma, pata idhini ya maandishi ya mtafiti mkuu, maana data ni ya maabara, hata uliyoikusanya wewe. Na kabla ya siku ya mwisho, muulize kama atakuandikia barua, umwachie mistari mitano ya ulichofanya, kisha umtumie habari fupi Oktoba. Maombi ya mwaka unaofuata hufunguka mwezi mmoja baadaye, naye bado atakuwa anakukumbuka.